Bangili za Muheme

1

Betri ya bangili ya kushoto ya Nyemo ilikata moto katikati ya wimbo, na kama isingekata, labda leo tusingekuwa na la kusimulia.

Asubuhi hiyo mabinti saba walikuwa wamejipanga nusu duara katika ukumbi wa mazoezi wa Jumba la Sauti, pale Dodoma. Kila mmoja alikuwa amebana ngoma kati ya mapaja, mgongo umeinama kidogo, mabega yakicheza. Walikuwa wakipiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, na walipiga vizuri mno. Hakuna aliyekosea, wala hakuna ambaye angeweza kukosea, maana mikono ilikuwa yao lakini mapigo hayakuwa yao. Kwenye vifundo vya mikono walivaa bangili pana za shaba, na kila jozi ilibeba mikono ya bibi mmoja.

Sechelela Malogo, mtaalamu aliyezibuni bangili hizo, alikuwa ameketi mbele ya skrini akitazama taa saba za kijani. Kijani maana yake binti anapiga sawasawa na bibi yake wa kwenye kumbukumbu. Ikigeuka nyekundu, binti amepotea njia.

Miaka kadhaa nyuma, wapigaji saba wa mwisho wa kijiji cha Chibelela walipokuwa hai, Sechelela aliwabandika vinasa vidogo kwenye ngozi, kuanzia begani mpaka ncha za vidole, akanasa jinsi kila msuli ulivyokaza na ulivyolegea. Sasa bangili zilituma mtekenyo uleule wa umeme kwenye mishipa ya fahamu ya mvaaji. Mkono ulinyanyuka wenyewe, ukashuka wenyewe. Wasichana walisema ni kama kushikwa na mtu aliyesimama nyuma yako, ambaye ukigeuka humwoni.

Basi betri ikakata. Mkono wa kushoto wa Nyemo ukaanguka kwenye ngozi ya ngoma kama mzigo. Sechelela akainuka kitini ili asimamishe mazoezi.

Lakini Nyemo hakusimama. Mkono wa kulia ulikuwa bado unaongozwa, unakwenda na njia yake ya zamani. Ule wa kushoto ukatafuta pa kuingilia, ukachelewa kidogo, ukachelewa tena kwa makusudi, halafu ukaanza kujibu. Ti-tim, kimya, ti-ti-tim. Lilikuwa pigo lililochechemea kama mtu anayeruka madimbwi. Sechelela alikuwa amesikiliza kila ukanda wa muheme uliowahi kurekodiwa, na pigo hilo hakuwahi kulisikia popote. Kwenye skrini taa ya Nyemo ikawa nyekundu, na Sechelela akajikuta anasema kwa sauti, peke yake, "Endelea. Endelea, tafadhali."

Bangili ikarudiwa na moto. Mkono wa Nyemo ukavutwa, kiwiko kikagonga ukingo wa ngoma. Taa ikawa kijani.

"Ah!" Nyemo alilia, akautikisa mkono. Kisha akacheka, macho yamemtoka. "Dada Sechelela! Umesikia?"

2

Nyemo alikuwa fundi wa paneli za sola katika mashamba ya zabibu, msichana mrefu mwenye makovu ya waya vidoleni, aliyejiunga na kundi kwa sababu, kama alivyosema siku ya kwanza, alikuwa amechoka kusikiliza peke yake.

Kila mtu mjini alimwelewa aliposema hivyo. Kila sikio lilikuwa na kipuli, na kila kipuli kilimtungia mwenyewe muziki wake, kwa kufuata mapigo ya moyo wake na hali yake ya siku ile. Hakuna wimbo uliosikiwa na watu wawili. Sechelela aliwahi kwenda harusini akamwona bwana harusi akicheza taratibu na bibi harusi akicheza haraka, wageni nao kila mmoja na lake, ukumbi mzima kimya isipokuwa mchakacho wa viatu. Alirudi nyumbani akalia, na baada ya kulia akaanza kuchora bangili.

"Mkono ulikwendaje kule?" alimuuliza Nyemo wenzake walipotoka kunywa chai.

"Sijui niseme nini. Nilikuwa najua kinachokuja, maana Bibi ameshanipitisha hapo mara nyingi. Lakini alipouachia mkono wangu, ukaona kuna nafasi." Nyemo alijishika kiwiko. "Dada, huwezi kuiacha hivyo? Uilegeze kidogo tu?"

Angeweza. Ilikuwa kazi ya kubonyeza kitufe kimoja. Lakini alikuwa ameapa.

Kabla ya kumbandika bibi yeyote kinasa, Sechelela alikuwa amepiga magoti mbele yake na kuahidi kwamba hakuna kitakachobadilishwa. Wenyewe ndio walioidai ahadi hiyo. Zamani walitembelewa na vijana wenye mitambo, wakapiga kwa moyo mweupe, na baadaye wakaisikia ngoma ya mama zao imekatwakatwa, imechanganywa na vicheko, inatangaza dawa ya kusafishia choo. Kwa hiyo Sechelela aliifunga kumbukumbu kwa ufunguo wake mwenyewe. Mabibi sita walikwisha kufariki wakiwa na ahadi hiyo. Aliyebaki hai ni mmoja, Bibi Mwendwa, na Nyemo alikuwa akivaa bangili zake.

Na Jumamosi ilikuwa Tamasha la Mavuno ya Zabibu. Walimu kutoka shule za kanda nzima wangekuja kuamua kama bangili ziingie madarasani. Walichoahidiwa ni muheme halisi, usio na doa, na skrini kubwa ingewaonyesha taa saba za kijani ili waamini.

"Nitamuuliza mwenyewe," Sechelela alisema.

"Nani?"

"Mwenye mikono."

3

Bibi Mwendwa aliishi ghorofa ya nane, katika nyumba iliyojaa mapazia ya rangi ya waridi. Alivaa miwani myeusi hata ndani, na kucha zake zilipakwa rangi. Enzi zake, alipoingia uwanjani na ngoma, wanaume walisahau walichokuja kukifanya, na yeye hajawahi kusahau jambo hilo.

"Mbukwenyi, Bibi," Sechelela alimsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa. Umekuja na zabibu au umekuja na maneno?"

"Vyote viwili."

"Tangulia na zabibu."

Alikula akisikiliza. Sechelela alipofika kwenye neno "kulegeza", Bibi Mwendwa aliweka shada la zabibu mezani.

"Uliniapia. Ulipiga magoti kule kijijini, kwenye zulia hilihili. Au magoti yalikuwa ya kuazima?"

"Ni kweli, Bibi. Ndiyo maana nimekuja. Ukikataa, naondoka na habari imekwisha."

"Nimekataa."

"Haya, Bibi." Sechelela alichukua mkoba wake. Aliona ni haki.

"Ngoja. Huyo mtoto alipigaje hata ukapanda lifti mpaka huku?"

Sechelela alimwekea sauti ya mazoezi. Ti-tim, kimya, ti-ti-tim. Uso wa bibi haukutikisika. Kidole kimoja tu, chenye kucha nyekundu, kiliinuka juu ya meza na kubaki hewani.

"Nani huyo?"

"Anaitwa Nyemo. Anatengeneza paneli za sola."

"Anadhani anajua."

"Ni vibaya, Bibi?"

"Sijasema ni vibaya. Nimesema anadhani anajua." Alisimama. "Bangili zangu unazo humo? Nivalishe. Ngoma yangu iko chumbani nyuma ya mlango. Nataka usikie Mwendwa anavyopiga, ukamwambie."

Sechelela alimvalisha. Bibi akabana ngoma, akavuta pumzi, akaanza, na kwa muda mfupi chumba kile cha waridi kikawa uwanja. Lakini mara mkono wa kulia ukamruka. Akaurudisha. Ukamruka tena. Kwenye simu ya Sechelela taa ikawaka nyekundu, ikawa kijani, ikawaka nyekundu.

"Nani ananivuta?"

Sechelela alijaribu kuuzuia uso wake usicheke. "Ni wewe, Bibi."

"Mimi yupi?"

"Wewe wa siku ile niliyokunasa. Bangili inakurudisha kwenye ulivyopiga."

Bibi Mwendwa alianza upya, taratibu, kama mtu anayepita mlango wenye kizingiti alichokwisha kujikwaa. Bangili ikamvuta palepale. Alianza mara nyingine. Ikamvuta. Alivua miwani, na ndipo Sechelela alipoona kwamba amekasirika kweli.

"Huyu mwanamke hanijui," alisema. "Tangu uninase nimezika mume. Nimehamishwa kutoka nyumba ya udongo nikaletwa huku juu, natazamana na vipanga. Goti langu moja limekufa, kwa hiyo hapa sitingishiki tena kama zamani, nangoja kwanza, ndipo napiga. Hapo ninapongoja ndipo anaponivuta! Anataka nini? Niwe mjane ninayepiga kama mwenye mume?"

"Sikulifikiria hilo, Bibi."

"Wala mimi. Nilidhani kubadilishwa ni kukatwa vipande. Kumbe na kugandishwa ni hivyohivyo." Alizivua bangili, akazitupa mapajani mwa Sechelela. "Za kwangu fungua. Huyo mtoto apige anavyotaka, na akiharibu nitamwambia mbele za watu. Lakini nisikilize vizuri."

"Nasikiliza."

"Nimekupa mikono yangu tu. Wenzangu sita wako ardhini. Na Mbeho, mmoja wao, tulikuwa tunagombana kila siku, lakini siwezi kumsemea akiwa amelala. Uliwaapia. Wasipoweza kukufungua, hujafunguliwa."

4

Mwenye kauli ya familia zile sita alikuwa Mzee Chilewa, mtoto wa marehemu Bibi Mbeho. Alikuwa mtu mpole, mwenye shamba kubwa la zabibu, na kila Ijumaa alikuja Jumba la Sauti. Hakuja kupiga ngoma. Aliomba avalishwe bangili za mama yake, akakaa kwenye kiti cha pembeni na mikono mapajani, akaiacha ishikwe na kupelekwa. Kisha akaaga akaenda zake.

Ijumaa ile Sechelela alimngoja mlangoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mbona uso umekunjamana?"

Alimweleza yote bila kuficha. Alimwambia juu ya Nyemo, juu ya Bibi Mwendwa na hasira zake, na kwamba kesho ngoma moja kati ya saba itaachiwa huru. Mzee Chilewa alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwendwa ana haki na mikono yake," alisema. "Lakini mimi nikivaa zile bangili, mama yangu ananishika. Najua amekufa, mimi si mtoto. Ila ananishika vilevile alivyonishika nikiwa mdogo, ananipigisha mapajani mwake. Ukizilegeza, nitajuaje ni yeye? Itakuwa imebaki mikono yangu tu."

Sechelela alimfungulia mlango, wakaingia.

"Usiziguse za mama yangu. Ukizigusa, naondoa zote sita siku hiyohiyo."

"Sitazigusa, Mzee. Naapa kwa mara ya pili."

Usiku huo usingizi ulimpaa, si kwa sababu ya Mzee Chilewa peke yake. Kulikuwa na tatizo la kiufundi. Bangili zote ziliunganishwa na kitu alichokiita uzi: mawimbi yaliyozifanya zisubiriane, ngoma moja ikiteleza kidogo nyingine zinapunguza mwendo, kama watu wanaotembea wakizungumza. Ngoma huru isingeweza kufungwa kwenye uzi huo, maana zile sita zingejaribu kuifuata na kupotea. Ilibidi auondoe. Bila uzi, mabibi sita wangepiga mbele bila kumngoja mtu, na Nyemo akianguka angeanguka mbele ya umati, asipatikane wa kumdaka. Na huo ndio ungekuwa mwisho wa bangili mashuleni.

Asubuhi alimweleza Nyemo kwamba bangili zake zingempima tu, zisimvute, na kwamba hakuna ngoma itakayomngoja. Msichana alisikiliza huku akifunga kanga kiunoni.

"Kwa hiyo nikipotea, nimepotea."

"Umepotea. Bado unaweza kuvaa kama zamani, hakuna atakayekulaumu."

"Dada," Nyemo alisema, na alikuwa akitetemeka, lakini kwa furaha, kama ng'ombe aliyenusa maji, "toka ile betri ikate sijalala vizuri. Nisipopiga leo nitaugua."

5

Uwanja ulijaa. Ilikuwa saa tisa alasiri, upepo wa Dodoma unapeperusha vumbi na majani ya mizabibu, na maelfu ya watu walikuwa wameketi pamoja kila mmoja akiwa peke yake, vipuli vikimetameta masikioni. Watangazaji waliwaomba wavitoe. Baadhi walitoa. Wengi walipunguza sauti tu.

Mabinti saba waliingia. Muheme ulipoanza, skrini kubwa iliwaka taa sita za kijani na moja isiyo na rangi, ya Nyemo, aliyekuwa bado hajapiga. Sechelela, chini ya jukwaa, alikuwa ameshika ufunguo wa kumbukumbu mkononi, kidude kidogo kama kipande cha sabuni. Karibu yake, kwenye viti vya wageni, walikaa walimu. Mzee Chilewa alikaa mstari wa mbele, na Bibi Mwendwa kando yake, ngoma yake mwenyewe imesimama miguuni, "kwa sababu," alisema, "mpiganaji haendi vitani na mkoba."

Nyemo alianza kwa heshima, akifuata njia ya Bibi Mwendwa. Mawimbi makubwa ya sauti yalipanda, ngoma sita zikitembea chini yake imara kama ukuta. Halafu akaacha nafasi. Akangoja. Akaingia na pigo lake la kuchechemea.

Taa yake ikawaka nyekundu.

Mnong'ono ukapita uwanjani. Mwalimu mmoja alimwegemea mwenzake. Sechelela aliona kidole cha mtu kikielekezwa kwenye skrini, kisha vidole vingi. Nyemo akachelewa kuingia zamu ya pili; ngoma sita hazikumsubiri; ukuta ukampita. Kwa pumzi moja nzima mikono yake ilielea hewani.

"Ingia, mtoto," Bibi Mwendwa alisema kwa meno yaliyofungwa. "Mlango uko wazi. Ingia!"

Nyemo akaingia. Aliingia kwa mgongo, kwa pigo lililogeuzwa, na badala ya kukimbiza ukuta akaanza kuuchezea: anaugonga, anauruka, anaukwepa, anaurudia. Akacheka kwa sauti katikati ya uwanja. Taa ikawaka nyekundu kuliko mwanzo. Mama mmoja kwenye jukwaa la juu, muuza karanga, akapiga kigelegele. Mtu akachomoa kipuli sikioni. Jirani yake akamtazama, akachomoa cha kwake. Ilienea kama moto kwenye nyasi za Septemba, na ghafla, kwa mara ya kwanza baada ya miaka ambayo Sechelela hakuweza kuihesabu, uwanja mzima ulikuwa unasikia kitu kimoja.

"Nyekundu!" mtu alipaza sauti.

"Nyekundu! Nyekundu!" wakaitikia, na wakaanza kuipigia makofi.

Hapo ndipo jaribu lilipokuja. Wale mabinti sita wengine walianza kumtazama Sechelela. Miili yao ilitaka kujibu. Mabega yao yalikuwa yamekwisha kwenda na Nyemo, lakini bangili ziliwashika, zikawarudisha kwenye mapigo ya waliolala. Aliyevaa bangili za Bibi Mbeho, binti mfupi mwenye sauti kubwa aitwaye Tabu, alimfokea kutoka uwanjani: "Tufungue! Dada, tufungue!"

Umati ukalidaka. "Wafungue! Wafungue!"

Kidole gumba cha Sechelela kilikuwa juu ya kitufe. Angebonyeza, na maelfu wangemshangilia. Hata walimu walikuwa wamesimama. Alimtazama Mzee Chilewa, naye alikuwa akimtazama, viganja vimefumbatana mapajani.

Sechelela akaondoa kidole. Akatia ufunguo mfukoni.

"Haiwezekani!" alimwambia Tabu kwa sauti yake yote. "Si zangu kuzifungua!"

Tabu alimkodolea macho. Kisha akatazama mikono yake, ile mikono iliyokuwa ikipiga bila yeye. Aliinua mkono wa kulia, bangili ikauvuta, akauinua tena kwa nguvu, akaibana bangili kwa meno na kuifungua. Ikaanguka mchangani. Akavua ya pili.

Taa yake haikuwa kijani wala nyekundu. Ilizimika. Ngoma ya Bibi Mbeho ikanyamaza, na kukawa na pengo katika ukuta, na kwenye pengo hilo Tabu alisimama na mikono mitupu.

Hakuna aliyejua ndani ya mikono hiyo kumebaki nini, hata Sechelela. Miezi yote ile bangili ndizo zilizofanya kazi. Tabu alipiga. Alikosea. Alipiga tena, akakosea nusu. Nyemo akamsogelea, akapiga pigo jepesi, akalirudia, kama mtu anayemmegea mwenzake chakula. Tabu akalipokea. Mkono ulikumbuka. Haukukumbuka yote, na palipopungua ukajaza wa kwake. Sauti yake kubwa ikaenda juu ya ngoma na wimbo wenye maneno aliyoyatunga palepale, ya kuisifu betri mbovu. Watu wakaangua kicheko na kuitikia.

Binti mwingine akavua. Wakafuata wengine, na mwishowe hata Nyemo. Taa zikazimika moja baada ya nyingine kwenye skrini mpaka ikabaki nyeusi, na chini yake muheme ukawa umechafuka, umejaa makosa, unayumba, unasimama, unakimbia, na ulikuwa hai.

Mzee Chilewa aliinuka. Alishuka ngazi akaingia uwanjani, na watu waliomjua wakanyamaza, wakidhani amekwenda kusimamisha. Alifika alipokuwa Tabu. Akainama, akaziokota bangili za mama yake mchangani, akazipangusa vumbi kwa leso, akazifunga humo. Alisimama kidogo na kifurushi kile kifuani, macho yamelowa. Kisha akamwambia Tabu jambo ambalo Sechelela hakulisikia, akarudi.

"Umemwambia nini?" Sechelela alimuuliza alipofika.

"Nimemwambia mama alikuwa anapiga kwa nguvu zaidi." Alimkabidhi leso. "Hukuzigusa. Zirudishe mahali pake, Ijumaa nitakuja. Na hao waache wapige."

Sechelela aligeuka kutafuta Bibi Mwendwa amwambie. Kiti kilikuwa kitupu. Bibi alikuwa amekwisha kufika katikati ya uwanja, miwani kichwani, goti bovu limetangulia, ngoma mapajani, naye alikuwa akimzunguka Nyemo na kumngojea kwa makusudi pale ambapo msichana alidhani hakuna nafasi.

6

Walimu hawakutia saini. Walisema, kwa adabu, kwamba walikuja kuona mashine isiyokosea, na wameona wasichana wanaovua mashine, na hawakujua wawaandikie nini wakubwa wao. Sechelela alirudi ofisini Jumatatu akijua kwamba kazi ya miaka yake mingi huenda imekwisha, na akashangaa kwamba hakuwa na huzuni.

Alikuta mlango umezibwa na watu. Muuza karanga alikuwepo, na mabinti zake wawili. Palikuwa na mwanafunzi wa chuo, palikuwa na dereva wa treni na mkewe. Mwalimu mmoja wa Jumamosi alikuwepo pia, mwanamke mnene mwenye haya, amesimama nyuma kabisa.

"Nimekuja mwenyewe," alisema, "sikutumwa na shule."

"Jozi za bangili ninazoweza kuwavalisha ni sita tu, ile ya saba imeshafunguliwa," Sechelela aliwaeleza. "Zinakuonyesha njia ya bibi mmoja, kama ilivyokuwa. Hazibadiliki. Ukishaijua njia unavua, na mengine ni yako. Mtajipanga kwa zamu."

"Hatukujia bangili tu," muuza karanga alisema. "Ngoma ziko wapi? Nimezunguka mji mzima tangu jana. Duka la vyombo wananionyesha vipuli!"

Sechelela aligeuka kuzitazama ngoma zilizopangwa ukutani. Hilo nalo hakulifikiria. Jumba la Sauti lilikuwa na kumbukumbu za ngoma zisizo na idadi, na ngoma zenyewe saba.

Simu yake ikaita. Alikuwa Bibi Mwendwa, na nyuma yake kulisikika kelele za mbuzi na Nyemo akicheka.

"We mtoto, uko wapi? Tuko mnadani na huyu fundi wako wa sola. Ngozi nzuri za kuwambia ngoma zinaisha, kuna mtu anazinunua zote, nasikia ni Chilewa! Lete gari!"

Sechelela aliwatazama watu waliojaa mlangoni.

"Nani ana gari?" aliuliza, na mikono mingi ikanyooka.